Mswada wa Kwanza wa Shangazi Oleta

Katika ukoo mzima wa Casto, mimi ndiye mtu pekee anayejua kufunga mdomo. Muulize yeyote hapa Kijito cha Birchlog. Babu Denzil hubishana na redio. Shangazi Oleta amelipwa miaka minane na jimbo la Virginia Magharibi kwa kazi hiyohiyo ya kubishana. Mimi ninatazama, ninatabasamu, ninanyamaza. Ndiyo maana nafaa kuwasimulia habari hii bila kuitia chumvi.

Shangazi hakuanza na siasa. Alianza na basi la shule, na nusu ya kaunti yetu imewahi kuambiwa naye ikae chini. Alipochaguliwa kwenda kwenye Bunge la jimbo, hakubadilisha chochote isipokuwa viatu. Mwaka wake wa pili, chama chake mwenyewe kilileta mswada wa kuiruhusu kampuni ya gesi kupitisha mabomba shambani kwa mtu bila hata kubisha hodi. Kiongozi wa chama, Mheshimiwa Burl Stemple, mwenye sauti nzito na nywele zilizolazwa kama za maiti, akamwendea kitini kumkumbusha yuko upande gani. Shangazi akamjibu kipaza sauti kikiwa wazi: "Burl, kaa chini. Unawaziba wenzako." Kisha akapiga kura ya hapana. Magazeti yakamwita msaliti. Huku kwetu watu wawili walirudisha mabango yake ya uchaguzi, na majirani wakagombania kuyachukua.

Halafu ikaja kashfa ya vitunguu pori. Kilikuwa kikao maalumu cha Aprili, vitunguu vimejaa milimani. Aliyekulia huku anajua: ukivila vibichi, harufu haitoki mdomoni tu, inatoka mpaka kwenye ngozi. Mimi mwenyewe nimewahi kufukuzwa darasani kwa sababu hiyo. Sasa, mawakili wa kampuni ile ya gesi walikuwa na tabia ya kumzunguka Shangazi kwenye kamati, huyu ananong'ona sikio hili, yule sikio lile. Asubuhi moja akala bakuli zima, akaenda akaketi katikati yao, akawaambia, "Haya, nong'oneni." Mwenyekiti aliahirisha kikao kabla ya chai. Gazeti moja la mji mkuu likaandika kwamba ameiaibisha kaunti yake. Kaunti iliyoaibishwa ikampa kura nyingi kuliko mara ya kwanza, na mimi nikaukata ukurasa ule nikaubandika ukutani jikoni, juu ya jiko, ambako unazidi kuiva.

Jambo moja tu lilimkera Babu.

"Binti yangu, kazi yako ni kuua miswada ya watu. Wa kwako uko wapi?"

"Sijaona kitu cha kuomba, Baba."

Kikaonekana. Mafuriko yalichukua daraja letu. Daraja lenyewe lilikuwa behewa la reli lisilo na kuta, chakavu, ambalo Babu na ndugu zake walililaza juu ya kijito enzi za ujana wao. Nyumba nyingi za ng'ambo huvukiwa hivyo. Jimbo likasema daraja ni mali ya mtu binafsi, basi mtu binafsi ajijengee. Desemba moyo wa Babu ukamchezea. Gari la wagonjwa likaja mbio, likasimama ng'ambo ya maji, basi. Vijana wa zimamoto wakambeba kwa machela, maji ya barafu yakiwafika kiunoni, naye huko juu amelala anawaelekeza: "Kushoto, pumbavu wewe, hilo jiwe linateleza!" Alipona. Daktari akasema hapo alipofika, dakika chache tu zaidi tungekuwa tunazika. Ahamie mjini. Babu akasema nyumba ile alizaliwa humo na hataiacha kwa sababu ya maji yanayopita tu.

Basi Shangazi akaandika mswada: jimbo lisaidie kujenga upya daraja lolote ambalo ndilo njia pekee ya kufika nyumbani kwa mtu. Alikuwa ameshatangaza kwamba hagombei tena. Mswada ukianguka, umeanguka, na Babu hana daraja.

Siku ya kura nilimpeleka Babu mji mkuu. Alivaa koti lake la mazishini, na mifukoni akatia mikate ya soseji utadhani tunakwenda kuwinda. Kwenye roshani ya wageni tukapokelewa na mlinzi, Bi. Reva Harless, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyopepesa.

"Hamli humu, hampigi makofi, hamsemi neno," akasema.

Alinionya mara mbili. Mara ya pili hakunitendea haki; nilikuwa namweleza tu Babu nani amevaa nywele za bandia.

Shangazi akasimama. Hakuhubiri. Alieleza kijito, machela, na gari la wagonjwa likimulika taa zake juu ya maji. Nilitaka kila mtu mle ndani ajue kwamba yule ni wetu.

Ndipo maswali yakaanza.

"Mheshimiwa," akauliza mmoja, "paka wa baba yako akivuka, atahitaji kibali?"

"Daraja hilo litahimili uzito wa maneno yako?" akauliza wa pili.

Stemple akainuka polepole. "Mimi naomba uhakikisho mmoja tu. Mheshimiwa hajala vitunguu leo?"

Ukumbi mzima ukacheka. Shangazi akawajibu mmoja mmoja, uso mkavu kama ubao. Babu akanishika mkono. "Wanamlipizia," akasema. "Wamengoja mpaka siku ya mwisho ndipo wanamlipizia."

Spika akaita kura. Kwenye ubao mkubwa ukutani taa zikawaka, nyekundu, nyekundu, nyekundu, wa chama chake na wa chama kingine, mpaka ukuta ukawa kama tanuri. Ya kijani ilikuwa moja tu, mbele ya jina la Casto.

Hapo ndipo Babu alipopandwa na wazimu. Aliruka, akaegemea ukingo wa roshani, akapiga kelele: "Nikifa, nitaletwa hapa nilazwe juu ya meza zenu, majambazi wa suti nyie!"

Mimi? Nilikaa kimya, nikajaribu kumtuliza mzee.

Kisha mtu mmoja chini akaangua kicheko, na wa pili, na ubao ukaanza kugeuka. Kijani hapa, kijani pale, safu nzima kijani. Bi. Reva, aliyekuwa ameshatufikia, akanong'ona kwa hasira, "Ninyi hamjui? Mswada wa kwanza wa mtu hutaniwa! Wanampigia nyekundu wote, halafu wanageuza. Hufanyiwa wageni wa mwaka wa kwanza. Huyu wenu amekaa miaka minane bila kuleta wa kwake, wamemtafuta sana!"

Taa nyekundu ya mwisho ilikuwa ya Stemple. Aliiacha iwake huku akimtazama Shangazi kwa raha zake, kisha akabonyeza kijani. Akavuka ukumbi akampa mkono. "Oleta," akasema, "siku hii nimeingoja sana." Na yule mwanamke ambaye hakutikiswa na kampuni ya gesi akaketi kitini pake akafunika uso kwa mikono.

Gavana alitia saini. Wahandisi walikuja kijitoni wakapima, Babu akiwafuata nyuma kuwaambia wamekosea. Magazeti nayo yakapata habari nyingine: ukoo wa Casto watolewa nje ya Bunge. Shangazi ameikata ile, sijui ataibandika wapi.

Aprili tukawa na karamu ya vitunguu pori kwenye jengo la zimamoto. Nilisimama kwenye benchi nikawasimulia watu namna Babu alivyolitikisa Bunge la jimbo. Wakacheka mpaka machozi. Babu alikuwa anakula maharagwe, hakuinua hata kichwa.

"'Nikifa!'" nikanguruma. "'Nikifa, nitaletwa hapa!'"

"Hakusema hivyo."

Nikageuka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na mgeni wake, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyopepesa.

"Aa, Bi. Reva! Karibu. Nilikuwa nawaeleza jinsi mzee huyu…"

"Mzee huyu alikuwa amekushika mkanda wa suruali usidondoke kwa waheshimiwa," akasema Bi. Reva, akivua koti lake bila haraka. "Nilikuwa nyuma yako kabisa, mwanangu. Ulisema, 'Babu yangu akifa.' Tena ulikuwa unalia."