Gololi Moja Zaidi

"Nati ya usukani usiitoe yote," dada alisema kutoka mlango wa gereji.

"Najua, dada."

"Fundi wa jirani naye alijua. Pua yake sasa hivi ni nyanya."

Fundi, mdogo wake, aliiacha nati kwenye nyuzi za mwisho, akaushika usukani pande zote mbili, akavuta huku magoti yakisukuma kutoka chini. Ukagoma, ukagoma, kisha ukaachia kwa kishindo. Nati ikauzuia usimfike usoni.

Gari lilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Mwenye gari, mkunga mstaafu, alikaa kwenye kigoda akisubiri. Shida yake ilikuwa moja: akikata kona, usukani haurudi wenyewe, lazima aurudishe kwa nguvu, na mabega yake yalikuwa yameshachoka.

Shida ya fundi ilikuwa mkono wa kulia. Ulianza kutetemeka msimu wa mvua uliopita na haukuacha. Gereji ilikuwa ya dada, na dada alikuwa hazungushi maneno. "Ukilifunga hili sawasawa," alimwambia asubuhi, "unabaki kwenye shimo lako, chini ya magari. Ukishindwa, mdogo wangu, unahamia stoo, ukae na vipuri."

"Vipuri havina maongezi."

"Ndiyo maana mtapatana."

Alitoa swichi ya taa, akafungua skrubu za kifuniko, akaifikia beringi ya juu ya nguzo ya usukani. Grisi ilikuwa imekauka kama gome, na gololi zake za chuma zimechubuka. Kwenye gari la zamani namna hii gololi hazikushikwa na kitu. Mpya zilitakiwa kupangwa kwenye kikombe cha beringi moja moja, kwa vidole.

Ya kwanza ilimponyoka, ikapotelea chini ya jeki. Ya pili ikaifuata.

"Mimi nimepokea watoto wanaoteleza kuliko hizo," mkunga alisema. "Usiwe na pupa, baba."

Fundi alichukua spana nzito, akaifunga kwenye kifundo cha mkono kwa kipande cha tyubu. Mtetemo haukuisha. Ulipungua kasi, kama injini iliyoshushwa moto, na katikati ya mtikisiko mmoja na mwingine ilipatikana nafasi ya kufanya kazi.

"Hiyo bangili umenunua wapi?" dada aliuliza.

"Hii ni saa. Niulize ni saa ngapi."

Alichovya ncha ya bisibisi kwenye grisi, akaokota gololi, akaiweka. Ikakaa. Nyingine ikakaa. Mkono ulikuwa unamtii, naye akanogewa. Alipanga mpaka kikombe kikajaa, akabana na moja zaidi. Akafunga kila kitu.

Dada aliingia, akauzungusha usukani kulia na kushoto. "Umeshika vizuri. Haya, umepita."

Fundi aliuzungusha mwenyewe, polepole, kwa vidole viwili. Ulikuwa mzito, mzito wa kitu kilichosongwa. Gololi zikijazwa mpaka ukingoni husuguana. Lazima iachwe nafasi ndogo ili zitembee.

"Nafungua tena," alisema.

"Nimeshasema umepita."

"Nimebana gololi moja zaidi."

Dada alimtazama. "Basi hukulifunga sawasawa."

"Bado sijalifunga, dada."

Akaanza upya kwenye nati. Safari hii hapakuwa na mzaha. Jua lilihama kutoka boneti hadi ukutani, mkono ukaanza kuuma chini ya uzito wa spana, naye hakuifungua. Alitoa gololi moja, akaziachia zilizobaki nafasi, akafunga.

Mkunga aliondoka akiendesha mwenyewe. Walisimama getini wakimwangalia. Penye kona alikata, kisha akalegeza mikono, viganja wazi. Usukani ukateleza kati ya viganja, ukarudi wenyewe, na gari likanyooka.

Nje ya geti pikapu moja ilikuwa inanguruma ikisubiri. Dada akaiashiria kwa mkono: mbele, mbele, kulia kidogo, mpaka magurudumu yakasimama pande mbili za shimo la mdogo wake.