Bomba la Kooni

Miaka ile ya wakimbizi, Ngara ilijaa magari meupe na ahadi. Mzee Kazimili wa Bukiriro, ambaye mapafu yake yalikuwa yamesinyaa, alipata ahadi kubwa kuliko zote: shirika moja lingempeleka Ulaya akawekewe mapafu mapya. Fomu ilijazwa, picha zikapigwa nyingi. Jibu lilikuwa njiani, na njia ilikuwa ndefu.

Wakati akisubiri, daktari alisema ni lazima asaidiwe kupumua. Mashine zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na bomba la kupitishwa kooni, mgonjwa akiwa amelazwa usingizi. Nyingine ilikuwa ndogo, yenye kinyago cha puani tu, na mgonjwa angeweza kuongea akiwa amekivaa.

"Bomba!" alidakia mdogo wake, Frednand, kabla ya kuulizwa. "Kaka ni mtu wa heshima. Mtamtibuje kwa kidude kile?"

Kazimili alimtazama. Tangu lini Frednand akawa na huruma? Hata ndizi moja hajawahi kumletea. Lakini Jumamosi waposaji wa binti yake Evarista walikuwa wanakuja, na kwa desturi ya ukoo baba ndiye hujibu. Baba asipoweza kusema, baba mdogo husema badala yake. Mposaji alikuwa mfanyabiashara wa Kabanga, mzee aliyebakiwa na meno matatu, na alikwisha kumnywesha Frednand pombe ya ndizi mitungi kwa mitungi. Evarista alikuwa amelia kando ya kitanda: "Baba, simtaki." Hasira zilimpanda Kazimili, ila hasira nazo zinataka pumzi.

Alinyoosha kidole kwenye kinyago.

Jumamosi wageni walijaa wodini. Frednand, ndani ya koti la kuazima, alisafisha koo.

"Kwa kuwa kaka yangu hawezi kusema..."

"Naweza," ilisema sauti nyuma ya kinyago.

Kazimili alivuta pumzi, akangoja, akavuta nyingine.

"Evarista. Unamtaka?"

"Hapana, baba."

"Basi mmesikia. Ng'ombe wenu... wabaki kwenu."

Waposaji waliondoka wakinung'unika. Nesi Bernadetha alikuja mbio, akakikaza kinyago.

"Mzee, shikamoo, lakini sasa nyamaza. Utaishiwa pumzi."

"Marahaba, mwanangu. Nimebakiza neno moja. Lile bomba la kooni bado lipo?"

"Lipo."

"Mwekeeni Frednand."