Maji ya Lufira Hayafiki Panda

Mwaka ule masomo ya chuo kikuu yalikuwa yamesimama. Marcelline, mwalimu wa jiografia huko chuoni, alikuwa amerudi Likasi kwa mama yake, akilima mboga za lengalenga nyuma ya nyumba yao katika mtaa wa Panda. Asubuhi moja alisikia kelele barabarani. Jirani yao, Mama Tina, alikuwa anatoka na godoro kichwani.

"Redio inasema barrage, ule ukuta wa maji wa Mwadingusha, inapasuka! Maji inakuya kutumaliza!"

"Kutumaliza huku Likasi?" Marcelline aliuliza. "Ngoja kwanza, mama."

Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kituo kidogo cha redio, miguu bado ina udongo. Adolphe, mtangazaji, alikuwa anatokwa jasho.

"Nani alikuambia?"

"Musafiri moja. Niliona afazali bantu bakimbie mapema."

Marcelline hakumgombeza. Alimwomba atume mtu misioni, kwenye redio ya mawasiliano ya mapadri, kuwauliza watu wa Mwadingusha wenyewe. Kisha akaomba maikrofoni.

"Minye ni Marcelline wa Panda, nafundishaka jiografia. Kama barrage iko na ufa, bado sijui; tunauliza. Lakini kitu kimoja najua. Weye mwenye kutoka kwa mto Lufira na mifuko ya makala ya kupikia, kufika huku unapandaka baiskeli ao unaisukumaka?"

Nje ya dirisha watu waliangua kicheko. Nani asiyekijua kilima kile?

"Njo vile. Sisi tuko juu, barrage iko chini, na Lufira inaendaka kaskazini, mbali na sisi. Haiwezi kupanda kutufwata."

Kabla ya adhuhuri jibu lilifika: ukuta ulikuwa mzima. Watu wa kule walikuwa wamefungua milango yake kupunguza maji ya mvua, na msafiri aliogopa mngurumo wa maji hayo. Adolphe alilisoma jibu mwenyewe, akaongeza: "Nilitangaza bila kuuliza. Munisamehe."

Akamsindikiza Marcelline hadi mlangoni. "Profesa, utakuya tena?"

"Jumamosi. Nitakuya na Séraphin, mwenzangu wa chuo kikuu, anafundishaka udaktari. Ile dawa ya kipindupindu ulitangaza juzi..."

"Nayo si ya kweli?" Adolphe alijishika kichwa, kisha wote wawili wakacheka.

Nyumbani, mama yake alikuwa katikati ya majirani, akiwaonyesha kwa mikono jinsi mto unavyotelemka, kwa sauti ya mwalimu hasa. Marcelline aliketi nyuma yao, akasikiliza hadi mwisho kwa furaha. Hakukuwa na la kusahihisha.