Notisi ya Siku Tatu

Kosa la watu wa Naro Moru lilikuwa moja tu: waliwapigia wageni makofi.

Wageni wenyewe walikuwa maafisa wa serikali kutoka Nairobi, na mkutano ulifanyika Nyeri mjini, katika ukumbi wa kanisa. Walikuja kukusanya maoni ya wananchi kuhusu kanuni mpya za usalama wa ndege za watu binafsi. Kiongozi wao, bwana mmoja wa sauti nzito aitwaye Harrison, alisoma kurasa kumi na nne bila kumeza mate. Mwenye ndege ndogo atoe notisi siku tatu kabla ya kuruka. Aandike anakwenda wapi, na nani, na kwa nini. Kila kiwanja cha nyasi kiwekwe askari. Gaidi, alisema Harrison, anaweza kutumia kindege chochote.

Kagwiria alisikiliza huku akichemka. Ndege yake ni kuukuu, ya viti vinne, na kiwanja chake ni kipande cha shamba la baba yake nje ya Naro Moru, ambapo kabla ya kuruka lazima kwanza ufukuze kondoo. Siku za kawaida huwarusha watalii wakapige picha za mlima. Lakini watu wa kwao hawamjui kwa watalii. Wanamjua kwa sababu mpagazi akipotea mlimani, simu ya kwanza hupigiwa Kagwiria, na kabla chai haijapoa yuko hewani akimtafuta.

Alisimama akaomba kipaza sauti. "Mimi niko na swali moja. Mtu akipotea kwa mlima leo, hiyo notisi ya siku tatu nitaandika lini? Kabla hajapotea?"

Ukumbi ulicheka, na Harrison akacheka nao. "Hiyo ni swali nzuri sana, madam. Tumeichukua." Na kweli waliichukua, maana haikuonekana tena.

Sasa, kwetu mgeni haachwi aondoke hivi hivi, hata kama alikuja kukunyang'anya. Lazima mzee mmoja atoe neno la shukrani, kisha yapigwe makofi ya kilo, yaani ya pamoja kwa mpigo mmoja. Aliyechaguliwa siku hiyo alikuwa Mzee Kiogora, baba yake Kagwiria, mzee wa kanisa, mtu anayemshukuru hata aliyemng'oa jino. Akasema wageni wametoka mbali, wamefanya kazi nzuri, Mungu awarudishe salama. "Tuwapatie kilo moja," akamaliza. Ukumbi mzima ukapiga makofi, na Kagwiria naye akapiga, kwa kuwa aliyeomba ni baba yake.

Baada ya wiki tatu barua ikafika. Wananchi, ilisema, waliziunga mkono kanuni kwa makofi, na mzee wao akazisifu kuwa ni kazi nzuri. Kwa hiyo, wakati zikisubiri kuwa sheria, zingeanza kujaribiwa huko huko kwao.

Mzee Kiogora aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Mimi nilikuwa nashukuru watu kwa kufika," akasema. "Ati nilipitisha sheria?"

Kagwiria alitaka kumkasirikia akashindwa. Angemkasirikia kwa lipi, kwa kuwa na adabu? Wageni walikuwa wamekaribishwa, wakalishwa, wakaombewa safari njema, nao wakaiweka heshima hiyo kwenye faili kama saini. Hilo lilimuuma kuliko hizo siku tatu zenyewe.

Askari aliyeletwa kulinda kiwanja aliitwa Kefa, mtu wa Vihiga, mpole, mwenye watoto wawili huko nyumbani. Mzee Kiogora hakuwa na ugomvi naye. Alimtolea kiti, na kila siku saa nne asubuhi Kefa alikunywa chai kwa mzee pamoja na wapagazi waliopita kwenda mlimani.

Alhamisi moja, saa kumi na mbili asubuhi, simu ikalia. Ngatia hakufika kambini. Alikuwa mpagazi mwenye miaka ishirini ya kazi mlimani, lakini jana jioni alirudi nyuma kuchukua begi la mtalii, ukungu ukamfunika. Usiku maji yaliganda hadi kwenye chupa. Marenja, walinzi wa hifadhi ya mlima, walikuwa wakimtafuta kwa miguu.

Kila mtu wa Naro Moru anajua tabia ya mlima ule. Asubuhi huwa wazi, na ikifika saa tano mawingu huufunga, usione kitu tena hadi kesho yake. Na usiku wa pili Ngatia asingeumaliza.

Kagwiria alipofika kwenye ndege alimkuta Kefa na fomu mkononi.

"Utanisamehe, madam. Leo ni Alhamisi. Ukijaza saa hii utaruka Jumapili."

"Jumapili niende kutafuta nini, Kefa? Maiti?"

"Mimi sikutunga hii kitu. Nilipatiwa tu."

"Na Ngatia umekunywa chai na yeye hapa."

Kefa akampigia mkubwa wake simu, akaambiwa mkubwa yuko kwenye mkutano. Saa mbili akapiga tena, mkutano. Saa tatu, mkutano bado. Kagwiria alihisi angeweza kuitafuna ile fomu. Mlima ulikuwa mbele yao, mweupe, wazi kabisa, na dakika zake zilikuwa zinakwisha bure.

Ndipo Mzee Kiogora akaja amevaa gambuti zake, akainama, akayaondoa mawe yaliyozuia magurudumu.

"Baba, watakushika."

"Wacha wanishike. Wakiuliza, waambie ni yule mzee wa kazi nzuri."

Kefa alisimama mbele ya ndege. Halafu akasogea kando, akatazama saa, akaiandika kwenye daftari. Injini ikanguruma.

Saa nne na dakika ishirini, juu ya bonde la Teleki huko mlimani, Kagwiria aliona jaketi la buluu kando ya mwamba. Alishuka kidogo, akazunguka. Mkono mmoja ukainuka. Peke yake mle ndani akalia na kutukana kwa pamoja, huku akiwaeleza marenja kwa redio mahali penyewe. Alizunguka hapo mpaka akawaona wamemfikia, na mawingu yalikuwa yameanza kupanda.

Alipotua gari la polisi lilikuwa linamngoja. Kituoni, yule mkubwa wa mikutano sasa alikuwa na nafasi. Akaketi, akaagiza Kefa ajaze fomu ya kosa. Jina. Aina ya ndege. Kanuni iliyovunjwa. Kefa aliandika polepole, kisha kalamu yake ikasimama.

"Hapa wanauliza madhara yenye yalitokea," akasema.

"Andika Ngatia yuko hai," akasema Kagwiria.

Kefa akamtazama mkubwa wake.

"Hakuna mahali ingine ya kuandika hiyo?" akauliza mkubwa.

"Hii fomu haina," akajibu Kefa.

"Basi andika hapo hapo."

Kefa akainama, akaandika kwa herufi kubwa kwenye nafasi ya madhara: Ngatia yuko hai. Kisha akamgeuzia Kagwiria karatasi, naye akaweka sahihi.