Boda wa Senga Twaibah

Daktari ndiye aliyeanza. Alinifunga ule mkanda wa presha mkononi, akatazama, akaguna, akaniuliza nafanya mazoezi gani. Nikamwambia mimi sajenti mstaafu wa magereza, nimetembea vya kutosha maishani mwangu, mbele ya wafungwa na nyuma yao. Akasema, "Afande Jafar, tafuta baiskeli. Kila asubuhi, polepole, bila haraka, bila kazi. Angalia miti."

Bila kazi! Hilo ndilo lililoniletea balaa. Hapa Jinja mtu mzima haendeshi baiskeli bila kazi. Baiskeli inabeba matoke, au madumu ya maziwa, au mama aliyekaa upande na mtoto mgongoni. Keria ikiwa tupu na mwenyewe anaangalia miti, watu wanasimama kumwangalia yeye.

Lakini njia ilikuwepo. Wakubwa wa mji waliichora pembeni mwa barabara, kutoka karibu na uwanja wa gofu mpaka huku kwetu Kimaka, wakaipaka rangi ya kijani, wakasimamisha kibao: NJIA YA KUPUMZIKIA. Siku ya kuifungua walikuja na msafara wa magari, wakayaegesha juu ya njia hiyo hiyo. Mheshimiwa mmoja akakata utepe, akapandishwa kwenye baiskeli, akashikiliwa kushoto na kulia mpaka picha ikapigwa, akashushwa. Tangu hapo njia ina muuza chapati, ina fundi viatu, ina mbuzi waliofungwa kwenye kibao chenyewe. Aliyekuwa akipumzika pale ni mimi peke yangu.

Na sikupumzishwa. Nabirye, huyo wa chapati, alinisimamisha siku ya kwanza tu. "Afande, pole sana. Gari mliuza?"

"Gari iko nyumbani."

"Eeh," akasema kwa huruma, "hata baba yangu alikuwa nasema vile." Akanifungia chapati kwenye karatasi na akakataa katakata kulipwa. Wanajeshi wa kile chuo cha hapa Kimaka, wakipita mbio zao za asubuhi, walinipigia kelele, "Jikaze, mzee!" Ijumaa imamu akaniombea dua, mimi nikiwa nimekaa mbele yake, kwamba Mungu amfungulie riziki mwenzetu aliyepatwa na mtihani. Watu wakaitikia amina kwa nguvu. Nilitaka ardhi inimeze.

Mke wangu Hajara ndiye aliyewaka zaidi. Binti yetu wa mwisho, Zahara, alikuwa ameposwa na kijana wa Mbale, Muhammed, anauza dawa za mifugo kule Malukhu. Kijana mzuri, ana adabu, akinisalimia hainui macho. Zahara akitajiwa jina lake tu anaangusha vikombe. Ukoo wa kijana ulikuwa bado haujatoa jibu, maana kwanza lazima wachunguze, na kila mtu anajua nani huchunguza: shangazi wa kijana, senga, kama tunavyosema huku. Akisema ndiyo, ni harusi. Akisema hapana, hata baba wa kijana hafungui mdomo.

"Baba Zahara," Hajara akaniambia, "wewe unataka kumharibia mtoto? Senga wao akisikia baba wa bibi harusi anazunguka na baiskeli kama mtu aliyefilisika! Hebu iweke hiyo takataka mpaka harusi ipite."

"Daktari kasema."

"Daktari anaoza binti?"

Aliendelea hivyo mpaka chai ikapoa. Gari letu kuukuu akalioshea pale langoni, likaachwa linang'aa, ili yeyote apitaye alione. Mimi nikatoka na baiskeli kupitia nyuma, kwenye migomba, kama mfungwa anayetoroka. Nilikuwa na hasira ambayo daktari hakuiagiza.

Nikaendesha mpaka kwenye ile njia panda yenye mvule, pumzi zikanikatika, nikasimama kivulini na mguu mmoja chini. Sasa niambieni, baiskeli zinazosimama pale kivulini ni za nani? Za boda, wale wanaobeba abiria kwenye keria, bila shaka. Nilikuwa bado nafuta jasho niliposikia keria inazama. Mama mmoja mnene amekaa upande, gauni lake la gomesi amelikusanya mapajani, pochi kifuani.

"Twende, boda," akasema. "Polepole. Mimi si gunia."

Nikageuka kumfokea. Nilikuwa na maneno tayari, yale ya gerezani hasa. Kabla hayajatoka akasema, "Unapajua kwa Afande Jafar, yule wa magereza? Usinifikishe haraka. Mimi Twaibah, natoka Mbale, kijana wangu anataka kuoa pale. Nataka kukuuliza mambo kwanza. Nyinyi watu wa boda mnajua kila nyumba."

Yarabi. Nikageuza uso mbele, nikapiga pedali.

Ningefanya nini? Nimwambie shuka, senga, mimi ndiye mkwe? Na fulana hii iliyotoboka kwapani? Nikaingia ile njia ya kijani, nikawakwepa mbuzi, nikapita kwa Nabirye nimeinamisha kichwa. "Afande, leo umepata abiria!" akaita kwa furaha. "Mungu ni mkubwa!" Nikakohoa kwa nguvu kumfunika.

"Haya," akasema yule mama, "huyo Jafar ni mtu gani?"

"Mtu mzito!" nikasema. "Ana heshima zake. Alipostaafu wafungwa walilia."

"Kwa furaha?"

Nikapiga kengele ya baiskeli.

"Kule steji ya taksi," akaendelea, "wameniambia kitu kimenishtua. Eti anaendesha baiskeli. Asubuhi. Hana mzigo, hana abiria, anaangalia miti. Ni kweli?"

"Ni... mazoezi, mama. Ana presha."

"Mazoezi! Mtu mzima! Boda, usinifiche. Huo si ugonjwa wa presha, ni wa kichwa. Ukoo ukiwa na wazimu sisi hatuoi pale. Nikithibitisha, narudi Mbale sasa hivi na habari imekwisha. Sema, ana wazimu au ni shida tu ya maisha?"

Jamani, nilibanwa. Mimi niliyevaa vyeo, niliyepigiwa saluti, nina nyumba ya matofali, nina gari linalong'aa langoni! Lakini nikamwona Zahara na vikombe vyake. Umaskini hauingii kwenye damu ya wajukuu.

"Shida, mama," nikasema. "Amefilisika. Hana kitu. Hiyo baiskeli ndiyo anaponea."

"Ah!" Nikasikia anashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Umaskini si kitu, sisi wenyewe tumetoka Namatala, mtaa wa mabanda. Na mke?"

Hapo nakiri ulimi uliniteleza, maana zile kelele za asubuhi zilikuwa bado masikioni. "Mke! Mama, yule ana mdomo. Akipika anagomba, akifagia anagomba. Akiswali anapumzika kidogo, akitoa salamu tu, anaendelea alipoishia."

Yule mama akacheka mpaka usukani ukayumba. "Na binti?"

Nikapunguza mwendo.

"Binti," nikasema, "ni binti mzuri. Akicheka nyumba nzima inatulia, hata presha inasahaulika. Alipokuwa mdogo alipelekwa shule kwenye keria kama hiyo uliyokalia, anaimba njia nzima. Sijui nyumba itakuwaje akiondoka. Mwambieni huyo kijana asimfokee, hajazoea. Na asimnyime kuja kwao."

Sikujua kama miguu imeacha kupiga pedali mpaka baiskeli ilipolala upande na sote wawili tukaanguka chini. Yule mama akatengeneza gomesi yake, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, nami najifuta machozi kwa fulana, akanitazama sana. Gari letu lilikuwa linaonekana kwa mbali, linang'aa.

"Inatosha, boda," akasema. "Sihitaji tena kufika. Nirudishe steji."

Nikamrudisha. Nyumbani nikaificha safari hiyo, na kila simu ilipolia nilihisi mkanda wa daktari unanibana mkono.

Jibu lilikuja: wanakuja. Jumapili wakajaa uani kwetu, wamevaa kanzu, wameleta vikapu. Hajara alinivalisha suti ya kustaafia. Senga Twaibah akasimama katikati, nami nikajikunyata nyuma ya msemaji wetu.

"Tulichunguza," akasema, "kama ilivyo desturi. Tulimuuliza boda mmoja wa hapa hapa Kimaka. Akatuambia baba wa nyumba hii hana hata senti."

Wazee wetu wakaguna. Hajara akainuka nusu.

"Akatuambia mama wa nyumba hii hugomba asubuhi mpaka jioni, na mapumziko yake ni swala."

"Boda gani?" Hajara akapaza sauti. "Nitajieni jina lake! Wallahi nitamng'oa meno, hilo lijitu lisilo na haya!"

Wageni wakaangua kicheko, maana alikuwa amethibitisha ushahidi.

"Ngoja, mama," akasema senga. "Boda huyo huyo, nilipomuuliza habari za binti, akasahau kupiga pedali. Akaniangusha barabarani, goti hili mpaka leo linauma. Nimepanda boda nyingi katika maisha yangu. Sijaona hata mmoja anayelia kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine. Nikarudi Mbale nikasema, tuoe pale."

Zahara alikuwa amekaa kwenye mkeka na shela usoni, akaligeuza shela lile kwangu. Mimi nikatazama viatu vyangu, navyo sikuviona vizuri.

Wakagawa zawadi. Hajara akapewa gomesi. Nami nikapewa kanzu, na juu yake mto mmoja mnene wa keria, wenye maua na kamba nne za kufungia.

"Wa baba mkwe," akasema senga Twaibah. "Pale nyuma panaumiza."

Hajara akautazama ule mto. Akanitazama mimi. Akautazama tena. Hakusema kitu mchana kutwa, na miaka yote ya ndoa yetu sijawahi kuogopa namna ile.

Asubuhi yake nikachukua baiskeli nipite migombani. Nikamkuta yuko langoni, amevaa gomesi mpya, ameshaufunga mto kwenye keria kwa kamba zote. Akakaa upande, akakusanya nguo mapajani. Zahara alikuwa mlangoni, anacheka mpaka ameshika tumbo.

"Twende, boda," Hajara akasema. "Ile njia ya kijani, polepole. Na unieleze vizuri: huyo mke wa Afande, ulisema mdomo wake ukoje?"