Chuma Saba Kando ya Njia ya Gulio

Mama Kokushubira hakuwa mtu wa kushangazwa ovyo. Alizaliwa Muleba, akaolewa huku Karagwe, akazika mume na kulea watoto, na mambo mengi ya dunia aliyaona kuwa makelele tu. Gloriose, mkamwana wake, muuguzi, alipofika nyumbani Kiruruma na begi la fimbo za gofu alizojifunzia Arusha, mama mkwe alimwuliza mwanawe, "Athanasi baba, umeoa mke au umeajiri mchunga ng'ombe?"

Jioni moja akamfuata malishoni, nyuma ya shamba la kahawa, akiwa na maneno yake tayari. Gloriose alikuwa amechora mstari wa majivu kwenye nyasi, ameweka mpira juu yake. Akainua fimbo yenye kichwa cha chuma, ile namba saba, akashusha. Mpira ukapanda hadi shingo ya mama ikauma kuufuata, ukasimama kidogo huko juu, kisha ukashuka taratibu karibu na kijiti chenye kitambaa cheupe, ng'ambo ya bonde. Mama Kokushubira akayasahau yote aliyokuja kuyasema.

"Tena," alisema.

Wa pili ukaenda vilevile. Wa tatu ukatambaa chini kama panya na kuingia kwenye kahawa. Gloriose akakaa chini, machozi yakimlengalenga.

"Jumamosi anakuja mwalimu Winston, mama. Anachagua wanawake wa timu ya kanda, na imebaki nafasi moja. Mpira mmoja mzuri kila mtu anaupata. Yeye anataka niupige vilevile kila mara. Chuma kiguse mpira kwanza, ndipo nyasi. Nyasi zikichimbika nyuma ya majivu, nimeharibu, na sijui kwa nini naharibu."

Kesho yake mama alikuwa akitoka kukata ndizi. Alipomwona mkamwana, akapaza sauti kutoka njiani kama mtu mwenye adabu zake: "Mwanangu, hujambo huko?"

Chuma kilikuwa kinashuka. Kichwa cha Gloriose kikainuka, magoti yakalegea, udongo ukaruka, na mpira ukapotelea kwenye kahawa. Papo hapo binti akawa amepiga magoti. "Shikamoo, mama."

Mama Kokushubira akageuka kuitazama njia. Njia ile ndiyo ya gulio, na hapiti mtu bila kusalimia. Masikio ya binti yalikuwa njiani muda wote, na mwili ulianza kuitikia kabla mpira haujaondoka. Nani aliyemfundisha hivyo? Ni yeye mama mwenyewe, aliyemkaripia mbele ya wageni, binti akiwa bado bibi harusi, kwa kuchelewa kuitikia salamu. Moyo ulimuuma sana.

Jumamosi ni siku ya gulio. Winston alipofika na gari lake, mama alikuwa amesimama katikati ya njia na kitenge chake cha kanisani. Wanawake wenye mikungu kichwani walisimamishwa. Bodaboda aliambiwa azime pikipiki. "Atakayefungua mdomo hapa," mama alinong'ona, "asinijie hata msibani."

Gloriose akapiga. Mpira ukapanda, ukashuka kandokando ya kijiti. Akapiga tena, nao ukafuata njia ileile hewani, kana kwamba imelimwa. Akapiga tena na tena. Wenye mikungu walisahau uzito. Mama alihisi kitu kinampanda kifuani, kile kinachomshika kanisani watu wote wanaponyamaza kwa pamoja, na hakuona haya kukilinganisha.

Hapo ndipo alipotokea mzee Elipidius, kaka wa marehemu mumewe, mzee wa kanisa anayeogopwa na wote. Fimbo ya Gloriose ilikuwa juu.

"Kokushubira! Habari za hapa?"

Tangu aolewe hajawahi kuiacha salamu ya mzee huyu. Leo alifunga mdomo, akamshika mkono, akaukaza. Mzee akavimba kwa hasira. Lakini kule malishoni kichwa cha Gloriose hakikuinuka. Alijua leo njia ina mwenyewe, mama mkwe. Chuma kikashuka. Mzee akaufuata mpira kwa macho, juu, juu zaidi, mpaka ulipotua kati ya wenzake, na kofia yake ikawa mkononi bila yeye kujua nani ameivua.

Winston aliinama kwenye majivu. Nyasi zilizong'oka zote zilikuwa mbele ya mstari, nyuma yake hakuna hata unyasi ulioguswa. "Nafasi ni yake," alisema.

Gloriose aligeuka, akauona umati, magoti yakaanza kukunjika kwa salamu. Mama mkwe alikimbia, akamdaka kwapani kabla hayajagusa nyasi, akamkumbatia huku analia mbele ya gulio zima.

"Shemeji," mzee Elipidius alisema nyuma yao, "nimekusalimu, hukuniitikia."

"Nilikuwa naangalia, shemeji."

Mzee alitazama ng'ambo ya bonde. "Hata mimi," alisema.