Neno Lililombakia Pok Nawi

Kiharusi kilimpiga Pok Nawi asubuhi, akiwa ameketi ngazini na kikombe chake cha kahawa. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua nusu ya uso, kisha kikazoa maneno yake yote na kumwachia moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "tena".

Daktari wa mjini Kota Bharu alisema mambo hayo hutokea, neno ambalo mtu amelitumia sana huweza kubaki peke yake. Na hilo alikuwa amelitumia, jamani. Kwa miaka arobaini kazi yake ilikuwa kusimama chini ya minazi ya watu, kamba mkononi, akimpigia kelele kima wake wa kuangua nazi aliye juu: "Tena! Tena!" Na kima anazungusha nazi nyingine mpaka inakatika. Hata jina la marehemu mkewe hakulitaja mara nyingi kiasi hicho.

Mwanzoni nyumba nzima ilicheka, maana usipocheka utafanya nini. Zaiton, binti yake, akimuuliza, "Baba, umeshiba?" anajibu, "Tena." Wali unaongezwa, mzee anautazama huku machozi yanamlengalenga. Ramli, mume wa Zaiton, mtu wa mzaha asiyejua pa kuishia, naye hakumwacha.

"Hebu muulize baba yako kama ananipenda mimi mkwewe."

"Tena!"

"Umesikia mwenyewe! Mpaka amepitiliza!"

Mzee akacheka naye, kwa ile nusu ya uso iliyobaki.

Aliyekuwa hacheki ni Songkok. Huyu alikuwa kima dume wa miaka kumi na sita, mwenye mkia mfupi uliojikunja na kiraka cheusi utosini, ukimwona utadhani amevaa kofia nyeusi ya kwenda msikitini, ndiyo maana akaitwa kwa jina la kofia hiyo. Alifungwa kwenye mojawapo ya nguzo zilizoiinua nyumba, chini ya sakafu ya mbao. Kila neno lile lilipomtoka mzee huko juu, Songkok alisimama, akaivuta kamba mpaka ikakaza, akaitazama minazi. Aliamini anaitwa kazini. Akisubiri, akisubiri, haji mtu, anakaa chini. Mzee aliisikia kamba ikikwaruza nguzo na roho ikamuuma, hata akajizoeza kuufumba mdomo kwa mkono wa kushoto kila alipohisi neno linakuja.

Kabla ya kiharusi lilikuwapo na neno la pili, nalo ndilo lililompa Pok Nawi sifa katika wilaya nzima ya Tumpat. Kima wa watu wengine wakichoka hushuka wenyewe. Wa Pok Nawi hashuki mpaka aambiwe "basi", na aambiwe na Pok Nawi. Watu walitoka vijiji vya mbali kuja kushuhudia.

Tuseme ukweli jinsi sifa hiyo ilivyopatikana. Songkok alipokuwa mdogo, vijana watundu walipita chini ya mnazi wakaita "Basi!" kwa utani, naye akashuka kazi haijafika hata nusu. Pok Nawi alikasirika kupita kiasi. Akamtafuta kijana mmoja mwenye sauti ya kufika mbali, aliyekuwa akija pale kila jioni kwa kisingizio cha kuomba maji ya kunywa ili amwone Zaiton. Kijana huyo ni Ramli. Wiki tatu Ramli alisimama chini ya mnazi akiita "Basi!" Songkok akishuka, bakora. Akipandishwa, akaitwa, akashuka, bakora. Siku ya mwisho Ramli aliita mpaka koo likamkauka, na kima kaukumbatia mnazi kwa mikono na miguu, anatetemeka, mkojo unamtiririka, lakini hakushuka. Hapo Pok Nawi akasema kwa upole, "Basi." Songkok akateremka mbio akamkalia begani, akauficha uso shingoni mwake. Watu wakapiga makofi. Ramli alipewa mke mwaka huohuo.

Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Semek, mkewe Pok Nawi, alikuwa na kawaida ya kumwekea yule mnyama maji kwenye kifuu pale nguzoni, bila kuulizwa na mtu. Usiku huo, wakila, alimuuliza mumewe, "Na ukifa wewe, nani atamwambia basi?"

"Nikikaribia kufa nitamwambia yeye kwanza, ndipo niwaage nyinyi," alijibu Pok Nawi, na wote wakacheka. Semek akatangulia yeye. Swali lake lilibaki palepale, na Pok Nawi hakuwahi kulijibu hata moyoni mwake.

Miezi mitatu baada ya kiharusi, jirani yao Mek Jah alikuja akiwa na haraka. Alikuwa anamwoza bintiye wa mwisho.

"Wageni mia nne, Zaiton. Waje kwangu wale mchuzi mwepesi wa nazi za dukani? Si nitahama kijiji! Nina minazi yangu inayoanguliwa na upepo tu. Nisaidie kima wenu asubuhi moja."

"Kima yupo, Mek. Wa kumwongoza ndiye hana sauti."

"Na mimi je?" alidakia Ramli. "Mdomo wangu umewekwa hapa kwa urembo?"

"Wewe hakusikii. Unajua kwa nini hakusikii."

"Ah, mke wangu! Miaka kumi na mitatu imepita. Nani anakumbuka bakora za miaka kumi na mitatu?"

Mzee, pale ngazini, alikuwa anazikumbuka. Aliinua mkono wa kushoto, akatikisa kichwa, jasho likamtoka kwa jinsi alivyolitafuta neno la kukataa. Lililotoka ni lilelile. "Tena," alisema. Akajaribu kulirekebisha. "Tena, tena!"

Ramli alipiga paja kwa furaha. "Haya! Mwenyewe kesharuhusu!"

Na chini ya nyumba Songkok alikuwa amesimama tayari, macho yake kwenye minazi.

Kesho yake saa moja asubuhi Ramli alimpakia kwenye kigari cha ubavuni mwa pikipiki, mahali pake pa siku zote, wakaondoka. Saa tano na nusu pikipiki ilirudi na kigari kitupu. Ramli hakuwa na mzaha wowote usoni.

"Baba, amegoma kushuka. Nimeita mpaka nimechoka. Kila nikiita, kila nikivuta kamba, ndiyo kwanza anang'ang'ania." Akamwinamia mzee. "Twende, baba. Wewe atakusikia."

"Atasikia nini?" alisema Zaiton. "Ramli, atasikia nini?"

Lakini walimbeba mzee wakamkalisha kwenye kigari, miongoni mwa manyoya makavu ya Songkok, kwa sababu hawakuwa na wazo lingine.

Kwa Mek Jah wanawake walikuwa wameacha kutwanga viungo, wote wamesimama uani wameinua nyuso. Pok Nawi hakuutazama mnazi kwanza. Alitazama chini, kama anavyotazama mtu wa kazi, na chini palimwambia kila kitu. Upande wa mbali zilikuwapo nazi zilizokomaa, nzuri, za kutosha karamu. Karibu na shina yalikuwapo makoroma, ambayo hayajakomaa bado. Juu ya makoroma, madafu yamepasuka na maji yake kunywewa na mchanga. Juu ya madafu, vitale, vichanga kuliko madafu. Na juu ya yote hayo, vimetapakaa kila mahali, vidaka vinavyotunga tu, vidogo vya kushika kiganjani. Songkok hakuwahi maishani mwake kuangusha hata koroma kwa kukosea.

"Nazi zenyewe alizimaliza saa tatu," Mek Jah alisema kwa sauti ya kuomba radhi. "Tukamwambia basi, sote tumemwambia. Hata imamu kapita akamwambia. Anatusikiliza, halafu anachuma vichanga. Nadhani anafikiri hajatimiza."

Ndivyo alivyofikiri, na Pok Nawi alijua hivyo kuliko mtu yeyote pale. Mnyama alikuwa anatafuta ile nazi ambayo baada yake angeambiwa aache. Jua lilikuwa la utosi. Tangu alfajiri hajapata tone la maji.

Walimkalisha mzee juu ya kinu kilicholazwa. Alifumba macho. Neno alikuwa analiona, limekaa wazi kabisa kichwani, fupi, rahisi, neno analolisema mtoto wa mwaka mmoja. Akafungua mdomo, akahisi ulimi unakwenda njia ile ya zamani, akaufumba mdomo haraka kwa kiganja. Akajaribu mara ya pili. Akaufumba. Katika miaka yote hakumfundisha Songkok ishara hata moja ya mkono. Alikuwa akisema neno huku amempa mgongo, anawasha sigara. Ndivyo alivyojiona bingwa.

"Anamtazama baba," Zaiton alinong'ona. "Mwangalieni, kamwona."

Songkok alikuwa amemwona. Aliacha kuchuma. Alikaa kwenye kilele cha mnazi ulio mtupu, akamtazama bwana wake kwa muda mrefu, na bwana wake akamtazama, kiganja mdomoni. Kisha likatokea jambo ambalo Tumpat nzima haikuwahi kuliona. Songkok aligeuka, akaukumbatia mnazi, akaanza kushuka bila kuambiwa. Alishuka kwa woga, hatua moja, anasimama, anageuza kichwa kuona kama mzee amekasirika, halafu hatua nyingine. Akafika katikati. Akapita katikati.

Pok Nawi aliona miguu ile iliyochakaa inavyotetemeka, na moyo ukamjaa. Alitaka kumwambia njoo, mwanangu, njoo, huna kosa, sikupigi. Mkono ukamtoka mdomoni wenyewe, ukanyooka kumpokea.

"Tena!" alisema.

Songkok alisimama palepale. Zaiton alipiga ukelele. Kima akamtazama mzee mara moja tu, bila kinyongo chochote, akageuka akapanda. Alipanda haraka kuliko alivyoshuka, kwa kuwa mwishowe alikuwa ameisikia sauti anayoijua. Kule juu hakikubaki cha kuangua ila kidaka kimoja upande wa pili, nyuma ya kuti kavu. Siku nyingine yoyote asingelikanyaga kuti lile. Alilikanyaga, na likaachia pamoja naye.

Ramli alikimbia mikono wazi, asiwahi. Akamwokota, akamleta, akamweka mapajani mwa mzee, na huyo Ramli alikuwa analia kama mtoto. "Ni mimi, baba. Ni sauti yangu. Ni mimi niliyemharibu." Mzee alitikisa kichwa. Alijua ni nani aliyemkodi kijana yule na nani aliyeshika bakora.

Songkok alikuwa bado anapumua. Macho yalikuwa wazi ila hayakuwa yanatazama kitu. Mkono wake ulipapasa pajani mwa mzee mpaka ukakutana na ule mkono wa kulia, uliokufa kwa kiharusi, uliojikunja ngumi ya mviringo. Vidole vikaishika ngumi vizuri, chini na juu. Vikaanza kuizungusha polepole, upande mmoja, kama alivyofundishwa.

Pok Nawi aliuma midomo mpaka damu ikatoka, na safari hii hakusema kitu.

Zaiton alipiga magoti kwenye vidaka. Akaliweka shavu lake karibu na kile kiraka cheusi. "Basi, Songkok," alisema. "Basi, mwanangu. Zimetosha. Basi."

Vidole viliendelea kuzungusha. Haikuwa sauti ya Pok Nawi. Viliendelea hivyo kwa muda, vikilegea kidogo kidogo, mbele ya wanawake wa karamu na nazi zao, mpaka viliposimama vyenyewe.